Tambi Zisizo na Sukari

Kwetu Tanga ukisema tambi, hakuna anayekuuliza tambi gani. Ni zile nyembamba, unazikaanga kwanza kwenye samli mpaka zipate rangi, kisha tui, sukari, iliki, na zabibu kama nyumba ina uwezo. Na zinaliwa za moto. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwenye simu kwamba dada yangu, binti yake wa kwanza, mgonjwa, yuko huku Texas anakula tambi za baridi zilizochanganywa na pilipili na siki, aliniuliza mara mbili kama nimesema siki.

"Nani anamlisha mtoto wangu takataka hizo?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Loo! Wewe?"

Mimi. Na kama angenipa nafasi ningemweleza kwamba nilizitafuta tambi hizo kwa jasho, kwamba mikono yangu ilinuka siki na kitunguu saumu hadi ofisini, na kwamba zilikuwa kitu pekee duniani ambacho mtoto wake alikuwa anakimeza. Lakini mama hakunipa nafasi, alianza kunisomea dua.

Dada alikuwa nesi. Alikuja Texas miaka mingi kabla yangu, akasoma, akafanya zamu za usiku kwenye hospitali za Houston mpaka akanunua nyumba Pearland, kwenye mtaa ambao nyumba zote zinafanana hadi mgeni anaweza kuingia kwa wenyewe na kuvua viatu. Shemeji alishaondoka zamani na habari zake hazina faida hapa. Mimi nilikaa Irving, kando ya Dallas, nafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, na tulikuwa tunaonana sikukuu hadi sikukuu, maana kutoka kwangu mpaka kwake ni kuendesha gari mpaka mgongo ukuulize unaupeleka wapi. Mwaka 2018 akaanza kuugua. Saratani ya titi, na walipoiona ilikuwa imeshafika kwenye ini. Alinipa habari mwenyewe kwa simu, kwa ile sauti yake ya kazini.

"Sikiliza, na usilie. Nina jambo la kukwambia."

Nikalia. Akakata simu. Alipopiga tena alinisema kwanza, ndipo akanieleza.

Daktari wake alikuwa mtu wa kusema mambo bila kuyazungusha. Dripu za dawa ya saratani zitaendelea iwapo mwili una nguvu za kuzibeba, na nguvu zenyewe zinaangaliwa kwenye mizani. Akikonda zaidi, wanasimamisha. Wakisimamisha, ini litafanya linavyotaka. Mimi si nesi, lakini hilo nililielewa vizuri: dada ale, au dada afe. Kwa hiyo kila Ijumaa nikitoka kazini nilikuwa naingia barabarani, nafika Pearland macho mekundu, naingia jikoni kabla hata ya kuweka mkoba chini.

Na dada hali! Nilipika wali wa nazi, hali. Nikapika ndizi, hali. Nikachemsha supu ya kuku wa kienyeji niliyemtafuta kwa Wameksiko wa Garland, harufu ikamfikia sebuleni, akakimbilia chooni. Chakula chochote chenye mvuke kilikuwa kinamtapisha. Na ulimi nao ukamsaliti. Mwanzoni alisema kila kitu ni kama amenyonya sarafu. Baadaye hata sarafu yenyewe ikapotea.

"Sisikii kitu," aliniambia. "Nipe mkate au nipe sponji ya kuoshea vyombo, kwangu ni mamoja."

"Sponji ni ghali. Kula mkate."

Alicheka. Mkate hakuugusa.

Siku moja akaja mwenzake wa kazini kumwona, nesi Mkorea, mama wa makamo mwenye nywele fupi na maneno machache. Alibeba bakuli limefunikwa karatasi ya foili. Ndani kulikuwa na tambi nyembamba, nyekundu, matango yaliyokatwa kama njiti, nusu yai, na juu yake vipande vya barafu. Barafu kwenye chakula! Nilimtazama dada nikijua ataonja kijiko kimoja kwa adabu kisha aniangalie kwa lile jicho la kuniambia nikamwage.

Akaonja. Akaonja tena. Halafu akainama juu ya lile bakuli, na hakuinua kichwa mpaka likabaki tupu, huku machozi na kamasi vinamtoka.

"Inauma," akasema. "Jamani, inauma!"

Nilidhani anaumwa, nikasimama. Alikuwa anacheka. Akanieleza, nesi hata akiwa kitandani ni nesi: pilipili si ladha, pilipili ni kuchomwa, na baridi ni baridi, hivyo haviombi ruhusa kwa ulimi. "Tamu siisikii, chumvi siisikii. Lakini hii inanipiga, na nikipigwa najua kuna kitu kimeingia." Hakutapika siku ile. Nilikaa nje ya mlango wa choo nikisubiri, na hakutapika.

Basi nikaamua kujifunza. Kule Carrollton kuna maduka makubwa ya Wakorea, nikaenda na simu mkononi, yule nesi yuko hewani ananielekeza kwa picha: si hiyo, hiyo ni ya supu; ndiyo, hilo kopo jekundu. Ndani ya kopo lile mna rojo zito la pilipili iliyochachushwa, na ndilo roho ya mambo yote. Unalikoroga na siki, sukari kidogo, sosi ya soya, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta. Kabichi lao la kuchachusha alinikataza. Alisema mwili wa dada kwa wakati ule haukuwa na ulinzi, nitumie matango yaliyooshwa vizuri tu.

Kupika nilidhani ninajua. Tambi ni tambi, nani asiyejua kuchemsha tambi? Kumbe maji yakichemka na povu likapanda, unalizima kwa kikombe cha maji ya baridi, likipanda tena unalizima tena. Kisha unazimwaga kwenye chujio chini ya bomba na kuzifikicha kwa mikono miwili, mpaka utelezi wote utoke. Mimi nilizimwagia maji kwa heshima, nikazitikisa. Yule mama akanitazama kwenye simu.

"Mbona unazigusa hivyo? Zina homa?" akaniuliza. "Zifue! Zifue kama soksi!"

Nikazifua. Na bado mara ya kwanza niliharibu, kwa sababu nilijifanya mjuaji nikaongeza pilipili mbuzi. Dada alipoonja alishika koo, akanywa maziwa, akanikodolea macho. "Wewe unataka kuiwahi saratani?" Mara ya pili zilishikamana. Mara ya tatu alimaliza sahani, akalamba na uma, akasema nimefaulu lakini nisivimbe kichwa.

Kuanzia hapo boksi langu la barafu likawa halitoki kwenye gari. Tambi nazichemsha Irving Alhamisi, nazifunga kwa mafungu madogo, rojo kwenye kikopo chake, matango peke yake. Mizani ikatulia. Haikupanda, lakini ilitulia, na dripu zikaendelea. Dada akaanza tena kunigombeza kuhusu nywele zangu. "Usi-drive umechoka," ananiambia kila Jumapili, "sina nguvu za kuja kukutambua mochwari." Nitasema ukweli, miezi ile nilikuwa na furaha. Sikujua kwamba nilikuwa na furaha, lakini nilikuwa nayo.

Mama akapata viza mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Alitua na sanduku la iliki, mdalasini na ubani, akamkumbatia dada pale mlangoni, akamshika mabega, akashika mikono, na nikaona anavyohesabu mifupa kwa vidole. Hakulia. Aliuliza jiko liko wapi.

Wiki ile ile tulikwenda naye kwa daktari. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikaa katikati nikitafsiri. Daktari akamweleza habari za dripu, habari za uzito, kisha akasema: mwambie kwamba binti yake hasikii ladha ya chochote, si sukari si chumvi, asivunjike moyo akikataa chakula. Nikamtafsiria neno kwa neno. Mama akaitikia kwa kichwa. "Nimesikia," akasema, akakunja mikono yake ndani ya mtandio.

Amesikia nini? Kesho yake nyumba nzima ilinuka mchuzi. Uji wa moto asubuhi, supu ya moto mchana, wali wa moto jioni. Na dada, dada yangu ambaye aliwahi kumfukuza daktari mzima kwenye wodi yake, anakaa mezani, anameza vijiko viwili, anasema ahsante mama, anakwenda chooni na kufungua bomba ili mama asisikie anavyotapika. Nikamfuata.

"Namwambia," nikasema. "Sasa hivi namwambia asipike."

"Ole wako!" Alikuwa ameshikilia sinki. "Amevuka maji yote yale aje kunipikia. Unataka umwambie nini? Kwamba mkono wake unanitapisha?"

"Namwambia unataka za baridi tu."

"Kwa mama za baridi ni kiporo, na zako alishaziita takataka kwenye simu. Utamwambia nakula kiporo cha mtu baki kuliko chakula chake cha moto? Nyamaza. Nimesema nyamaza."

Yeye ni mkubwa, mimi ni mdogo. Nikanyamaza, lakini kwa hasira, navunja vyombo nikiviosha. Tukawa tunaiba. Mama akiingia kuswali, nampelekea dada bakuli lake chumbani, anakula haraka haraka kwa machozi, tunaficha bakuli chini ya kitanda kama watoto. Mara moja mama alifungua friji, akaona vikopo, akauliza, "Hicho kiporo cha lini?" Nikasema ni vyangu, vya safari. Akaguna.

Lakini Jumatatu hadi Ijumaa mimi niko Irving, na dada alishakuwa hawezi kushuka jikoni peke yake. Jumapili moja, nimeshashika ufunguo wa gari, roho ikanikataa. Nikamwita mama pembeni.

"Mama, nimeacha tambi kwenye friji. Na mchuzi wake uko kwenye kikopo chekundu. Mpe dada kesho mchana, mpe vivyo hivyo."

"Tambi?" Uso wake ukachanua. "Anataka tambi? Si mngesema siku zote!"

Nilifurahi. Mjinga mimi, nikafurahi, nikaendesha gari hadi Irving nikiimba.

Jumatatu mchana nikampigia kutoka maegesho ya ofisini. Mama alipokea kwa vigelegele.

"Amekula! Sahani nzima! Alhamdulillahi, amekula mwanangu!"

"Zile za kwenye friji?"

"Hizo hizo. We mtoto nawe, unamwachia mgonjwa tambi hazina hata chembe ya sukari? Nimezikaanga kwenye samli, nikatia tui, sukari na iliki. Ule mchuzi wako nimeuonja nikautema, nimeuweka pembeni. Nimempa za moto, akala, akasema tamu."

Nikaomba nizungumze na dada. Nikasikia mama anampelekea simu, nikasikia mlango unafungwa.

"Umetapika?" nikauliza.

"Hapana. Zimekaa."

"Zilikuwaje?"

"Sijui. Sikusikia kitu. Zilikuwa laini."

"Mbona ulisema tamu?"

Nilisikia anavyopumua.

"Ungemwona uso wake usingeuliza," akasema. "Sikiliza, mdogo wangu. Usilete tena zile za kwako."

"Kwa nini? Dada, zile ndizo—"

"Nimechoka kuficha bakuli chini ya kitanda. Nimechoka kula nikilia. Wacha nile cha mama, kikae kisikae. Usilete tena, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikakaa ndani ya gari, joto linanipika, kwa sababu nilielewa. Aliyekuwa anataka kuumwa na pilipili ili ajue kuna kitu kimeingia, hakutaka tena kujua. Nilikasirika naye hadi meno yakauma. Mpaka leo kuna siku namkasirikia.

Alikula tambi za mama kwa siku chache, vijiko vitano, vitatu, kimoja. Kila mara alisema tamu. Mizani ikashuka. Daktari akatuita pembeni mimi na mama, nikatafsiri tena, mara hii kwa kupunguza, lakini mama alinitazama mdomo na nadhani alielewa kabla sijamaliza. Dripu zikasimamishwa. Ini likafanya lilivyotaka. Tulimzika Houston, kwenye jua ambalo halikuwa na huruma hata kwa waliobeba jeneza.

Msiba ulikaa kwake Pearland. Watanzania walikuja, Wakenya wakaja, akaja na mama mmoja wa Kirundi aliyewahi kuuguzwa naye, vyakula vikajaa sufuria kwa sufuria. Siku ya tatu akaja yule nesi Mkorea. Alivua viatu mlangoni, akaingia na bakuli lile lile limefunikwa foili, akampa mama kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Nikaruka kutoka mkekani. Nilijua kitakachotokea. Mama ataliingiza jikoni, atakaanga, atatia sukari, mbele ya mwenyewe.

"Mama, lete, nitaiweka mimi."

"Kaa," akasema mama.

Akafunua foili. Barafu ilikuwa haijayeyuka. Akaomba uma, akasema bismillahi, akala. Nikamwona anavyokunja uso, anavyokohoa, jasho likimtoka chini ya mtandio, machozi yakishuka. Wanawake wakamletea maji, akayasukuma. Yule nesi alikaa mbele yake, mikono mapajani, akimtazama. Mama hakuacha hadi bakuli likaisha. Walishikana mikono, nesi akaondoka, na mama akabaki na bakuli mapajani.

"Zinauma," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hizi ndizo alizokuwa anakula kwa siri?"

Sikuwa najua kwamba anajua. "Alizipenda zako zaidi," nikamwambia. "Wallahi mama. Aliniambia mwenyewe, tamu."

Mama akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Alikuwa hasikii ladha, mwanangu. Si wewe uliyenitafsiria kwa daktari? Aliposema tamu, nilijua ananidanganya. Nikajisemea, kama ana nguvu za kunidanganya ana nguvu za kula. Nikaendelea kumpikia."

Akaulaza uma ndani ya bakuli.

"Mngeniambia tu," akasema. "Mngesema, mama, mtoto anazitaka za baridi. Ningempa za baridi. Ningempa hata barafu tupu, akitaka. Mimi nilikuja kuona anakula, sikuja kupika. Mlidhani nitakasirika?"

Ndiyo, tulidhani hivyo. Tulimwonea haya mama yetu, tukamheshimu, na heshima yenyewe ilimla dada kilo kwa kilo wakati sote watatu tunajua. Nilichukua bakuli mapajani pake nikaenda kuliosha.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nilikaa jikoni muda mrefu nikitafuta cha kutia. Sufuria zote zilikuwa za kuletewa na watu, si zetu, huwezi kumpa mtu cha mwenzake. Nikafungua friji. Nyuma kabisa, nyuma ya maziwa, kulikuwa na kikopo changu cha rojo jekundu, pale pale mama alipokiweka siku alipouonja ule mchuzi na kuutema. Kilikuwa kimejaa. Tambi hazikuwepo, na wa kumpikia hakuwepo.

Bakuli la yule mama nililirudisha tupu.